Veterineri Aliyeacha Unga wa Njano

Jirani yetu wa upande wa ziwani, kule Kalemie, alikuwa akizungumza na kuku wake kwa Kifaransa. Na sisi binadamu alizungumza Kiswahili, tena kidogo. Mtaa mzima ulimwita Veterineri, yaani daktari wa mifugo, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa na serikali kuja kuifanya, na hata baada ya serikali kusahau kwamba ilimtuma, jina lilibaki. Lake la ubatizo sikulijua mpaka nilipolisoma kwenye msalaba wake, na hata sasa likitajwa naona kama linatajwa jina la mtu mwingine.

Mimi na mume wangu tulifika mtaa ule tukitokea Baraka, kaskazini mwa ziwa. Mume wangu alinunua ndagala kwa wavuvi, akazikausha mchangani na kuzipeleka kwenye treni. Mimi nilifuga kuku nyuma ya nyumba, kama walivyofuga wanawake wengi wakati ule wa Zaire. Tulipofika, Veterineri alikuwa tayari anaishi peke yake katika nyumba ya matofali waliyoijenga Wabelgiji, ya vyumba vingi, naye akitumia kimoja. Madirisha mengine hayakufunguliwa kamwe. Tuliambiwa kwamba mkewe yuko Kirungu, kwenye milima ya Marungu, kwa ajili ya kifua chake, kwamba baridi ya kule inamfaa. Nilishangaa kidogo, maana mtu wa kifua hutafuta joto. Lakini mgeni haulizi.

Kila siku alivaa abakosti ya kijivu, lile koti rasmi la Zaire, vifungo vyote mpaka shingoni, hata jua la mwezi wa kenda likiwaka kwenye mabati. Alisafisha mavi ya kuku akiwa ameivaa. Siku moja mume wangu alimwambia kwa utani, akimwita raia kama serikali ilivyotaka tuitane, "Sitwayeni Veterineri, utapikika ndani ya ile koti." Alijibu kwamba yuko kazini. Biro yake, ofisi ya serikali pale karibu na bandari, ilikuwa imebaki mlango na kiti, na mbuzi walilala ndani. Lakini yeye alikuwa kazini.

Hakujua kubisha hodi. Alisimama nje ya ua akakohoa mpaka mtu atoke. Ukimpa kiti, alikaa kwenye nusu ya kiti, kama aliyekuja kuaga. Halafu haondoki. Alikuwa na namna ya kumweka mtu kwa maneno ya kuku: ulikwenda kumwuliza juu ya kuku mmoja anayehara, naye angekueleza habari za utumbo, za maji, za kupe wanaojificha kwenye mbao, mpaka chakula chako kiungue jikoni. Mwanzoni nilidhani anapenda kufundisha. Baadaye nilielewa kwamba anachelewesha saa ya kurudi kwenye chumba kile kimoja. Na bado, ukimwalika kweli, alikimbia. Noeli moja tulimwita kula nasi. Alikuja amenawa, amechana nywele, akakaa nusu ya kiti, akawauliza watoto habari za shule. Nilipotoka jikoni na sahani, kiti kilikuwa kitupu. Mume wangu alisema ameenda kufunga kuku. Jua lilikuwa bado utosini.

Watu walimheshimu zamani kwa sababu ya unga wa njano. Hiyo ilikuwa kabla yetu. Serikali ilikuwa ikituma antibiotiki ya kuku katika makopo, unga ambao ukiutia kwenye maji yanageuka njano kama chai ya mgonjwa. Yeye ndiye aliyeugawa, mtaa kwa mtaa, kwa baiskeli. Kuku akikohoa, unga. Kuku akilala, unga. Kuku ambaye hana neno naye alipewa, ili asije akaugua. Wazee wa mtaa wa Lubuye walisimulia kwamba miaka ile mtu alichinja kuku mnene, na kila asubuhi kulikuwa na mayai.

Sisi tulipokuja, alikuwa ameuacha. Unga ulikuwa bado unapatikana. Wachuuzi waliuleta kutoka Kigoma, na sokoni karibu na gare, stesheni ya treni, kulikuwa na bwana mmoja aliyeuza huo pamoja na vidonge vya watu, ambavyo wanawake walivipasua na kuvimwaga kwenye maji ya kuku. Veterineri hakutaka hata kuuona. Yeye alikuwa amehamia kwenye majani.

Asubuhi ungesikia kinu chake. Alitwanga kitunguu saumu na tangawizi, akatia pilipili kali kidogo, majani ya mpapai, na mwarobaini aliokausha kivulini juu ya chandarua cha zamani, maana alisema jua linaiba nguvu ya jani. Alichanganya na pumba za mahindi na unga wa ndagala, akanusa, akaonja. Ndiyo, alionja kwa ulimi wake. Mwarobaini ukizidi, kuku anakataa kula, naye alitaka kujua kuku atakuta nini mdomoni. Uani kwake kulinuka kama jikoni ya arusi ambako hakuna mgeni hata mmoja.

Nilimwuliza kwa nini mtu aliyesoma vyuoni anatwanga majani kama mufumu. Hakukasirika. Aliniambia, "Mama Neema, adui ukimupiga kila siku na fimbo moja, anajifunza ile fimbo. Ugonjwa nayo iko na akili. Sisi tulikuwa tunaipiga hata siku yenye haikutukosea."

Nilichukua mchanganyiko wake. Sitasema ulikuwa muujiza, maana yeye mwenyewe angenikataza. Kuku wangu walikula vizuri zaidi, kuhara kukapungua, vifaranga wakafa wachache kuliko kwanza. Lakini pia alikuwa amenifundisha kubadilisha maji, kumwaga majivu kwenye viota, kuwapunguza kuku ndani ya banda dogo. Nilipomsifia majani yake aliniuliza, "Ni majani, ao ni usafi?" Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, na kwamba hilo ndilo linalomuamsha.

Kwa hiyo alijenga mabanda mawili. Katika moja kuku walikula majani, katika jingine walikula pumba tupu, ili aone tofauti. Alikuwa na imani kubwa na jambo hilo. Alilieleza kwa mume wangu mpaka mume wangu akasinzia. Lakini kuku wa banda la pili walipoanza kukohoa, nilimwona kupitia kwenye ua akiwapelekea majani kwa kiganja, akitazama huku na huku kama mwizi. Majaribio yakaharibika. Akaanza upya, na mara hii pia hakuweza kuwaangalia wakiugua. Miaka yote niliyokaa pale alikuwa akijenga ushahidi na kuubomoa kwa huruma. Nilimwambia awape wote tu, aache kujisumbua. Alisema, "Bila kulinganisha, niko muntu ya kusema tu." Neno hilo, *muntu ya kusema tu*, kwake lilikuwa tusi kubwa kuliko yote.

Kulikuwa na jambo la mayai, ambalo lilifanya watu wamcheke. Akisikia mahali wamewapa kuku unga wa njano, alikwenda kukohoa kwenye ua wao, akawaomba wasile mayai wala wasiyauze mpaka dawa itoke mwilini mwa kuku. Wakati ule kulikuwa na nyumba zilizopika mara moja kwa siku. Mama mmoja alimwuliza watoto watakula nini, basi, kama mayai yatatupwa. Veterineri akasimama pale, akafikiri, akarudi kwake, akaleta mayai ya kuku wake mwenyewe na kubadilishana. Yale ya unga aliyafukia chini ya mpapai.

Basi habari ikaenea. Wanawake wakawa wanampelekea mayai wakisema, Papa Veterineri, jana niliwapa unga. Wengine hawakuwahi kuugusa. Walitaka tu mayai yake, ambayo yalikuwa makubwa. Ilifika mahali yeye mwenyewe hana yai la kula. Nilimwambia kwamba wanamdanganya. Akasema, "Najua. Lakini kama moja kati yao anasema kweli, kuko mutoto mwenye anakula yai safi."

Sikuelewa kwa nini sauti yake ilibadilika alipotamka neno mutoto.

Kisha mdondo ukaingia. Aliyefuga kuku anaujua: leo wanainamisha kichwa, kesho shingo imepinda, keshokutwa unaokota mizoga. Ulianzia upande wa Kataki, ukatuvukia. Wanawake wakaja kwa Veterineri wamekumbatia kuku wao kwenye vitenge. Nilikuwa miongoni mwao, na jogoo wangu mweupe tayari alikuwa akigeuza kichwa kuangalia mgongo wake.

Alitoka, akatuangalia, akasema, "Majani yangu haiwezi hii. Ule unga wa njano nao hauiwezi. Chanjo tu njo inaweza, na ilipashwa kufika mbele ya ugonjwa. Chanjo haiko."

Hakuna aliyeondoka. Tulikuwa tumemzoea mtu ambaye daima ana kitu kwenye kinu. Mama mmoja, mtu mzima, mjane ambaye kuku ndio waliokuwa wakimlea, alimwambia, "Papa, utuambie hata neno moja ya kutupatia moyo."

Akajibu, "Neno ninayo, Mama. Lakini si kweli."

Basi. Alituambia tuwatenge wazima, tuchome mizoga, tusiuze wagonjwa. Wanawake wengi hawakungoja mwisho. Walikwenda sokoni kwa yule bwana karibu na gare, ambaye neno la kutia moyo alikuwa nalo, na unga alikuwa nao. Kuku wakafa. Wa Veterineri nao wakafa, akawachoma wote mchana mmoja, akisimama upande moshi unakoelekea kana kwamba hauoni. Hakuna mtu aliyerudi kumlaumu mwenye unga. Hasira ilimwendea aliyesema ukweli. Walisema amefunga mdomo wake juu ya kuku wetu, wengine wakasema kinu kile si cha dawa tu.

Alipata vifaranga wengine kwa mashua, akaanza tena. Lakini tangu hapo njia ya kwenda kwake iliota nyasi. Hata wale waliokuwa wakimdanganya ili wapate mayai waliacha kumdanganya, na nadhani hilo ndilo alilolihisi zaidi. Wakati wa salongo, tulipofagia barabara Jumamosi kama ilivyotakiwa, yeye alifagia kipande chake peke yake, na watu wakaacha nafasi kati ya fagio lake na yao. Mume wangu alimsalimu. Mimi nilimsalimu. Zaidi ya hapo nilimsikia akisema Kifaransa huko ng'ambo ya ua, taratibu, na kuku wakijibu.

Mdogo wangu aliolewa Kirungu. Alipojifungua mtoto wa kwanza ilinibidi niende kumwogesha. Veterineri alisikia, akaja kukohoa. Alikaa kwenye kiti, akaniomba maji ya kunywa, jambo ambalo hakuwahi kuomba. Kisha akasema, "Bibi yangu iko Kirungu."

Nilisema najua, kwa ajili ya kifua.

Akasema hakuna kifua. Akanieleza, na alieleza kwa mpango, kama alivyoeleza utumbo wa kuku. Walikuwa na mtoto wa kike. Miaka ile ya makopo kuku wao walikunywa maji ya njano wakati wote, na mtoto alikuwa anapenda mayai, mamake alimpikia kila asubuhi. Kisha mtoto akashikwa na homa ya tumbo. Hospitali walimpa dawa, ikawa kama wanampa maji. Wakambadilishia, haikufaa. Akafa.

Baada ya mazishi yeye alianza kufikiri. Alifikiri kwamba ugonjwa uliomuua ulikuwa umekwisha kuizoea dawa, na akajiuliza umeizoea wapi. Asubuhi moja mkewe alikuwa amesimama jikoni, ana yai mkononi, wageni wa msiba wakiwa bado nyumbani, na Veterineri akamwambia, pengine ni mayai.

"Mimi nilikuwa nasema juu ya unga," akaniambia. "Yeye alisikia nasema juu ya mikono yake."

Mkewe aliliweka yai mezani. Kabla mwezi haujaisha alipanda mashua ya Moba, bandari iliyo chini ya Kirungu, akapanda mlima mpaka kwa mama yake, na hakurudi.

Nilimwuliza kama ni kweli, kama mayai ndiyo yaliyomuua mtoto. Alitazama kikombe. Alisema hana ushahidi. Kwamba pengine ilikuwa homa tu, kama inavyoua watoto ambao hawajala yai hata moja. Alisema lile neno alilitoa bila kulipima, kwa mtu aliye na kidonda, na tangu siku ile hajathubutu tena kumwambia mtu jambo asilolijua. Nikawakumbuka wanawake na kuku wao kwenye vitenge. Akasimama. "Umuambie unga niliutoa mimi. Mayai aliyapika yeye, lakini unga niliutoa mimi."

Kirungu kuna baridi na ukungu, na maharage mazuri. Nilimpata bila shida, maana kila mtu alimjua: mwanamke mrefu, mnyamavu, amekaa mlangoni kwa mama yake akichambua maharage kwenye ungo. Nilipomwambia ninapoishi aliendelea kuchambua. Aliniuliza kwanza kama bado anafunga vifungo mpaka shingoni. Nikasema ndiyo. Akatabasamu kidogo, bila kuinua uso.

Nikamfikishia neno. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliokota kijiwe katikati ya maharage, akakitupa uani.

"Alikuwa nafikiri miaka hii yote nilienda juu ya mayai?"

Nikasema ndivyo anavyofikiri.

"Mutoto alipokufa, mimi nilikuwa chini, nalia. Yeye alikuwa natembea mu banda ya kuku, natafuta sababu. Wageni wanamupatia pole, anawajibu habari ya maji. Nilimungoja alie na mimi. Hakulia hata siku moja. Umuambie njo pale nilimukosa, si ku mayai."

Nilimwuliza kama atarudi. Alisema mama yake amezeeka. Akanifungia maharage kwenye kitambaa, yangu mimi, si ya kumpelekea mtu, akanisindikiza mpaka penye njia.

Niseme mapema, nisimwache msomaji akingoja: hakurudi, na yeye Veterineri hakumfuata. Alizikwa Kalemie kabla nchi haijabadilishwa jina, na mabanda yake yalibomolewa yakawa kuni. Mabanda mawili, na hakuna aliyejua lipi lilikuwa la majani. Mimi bado nawapa kuku wangu kitunguu saumu na mpapai, na mtu akiniuliza kama vinaponya nasema sijui, vinasaidia, badilisha maji. Lakini kabla ya hayo yote nilirudi kutoka Kirungu, na nilikuwa na neno mdomoni.

Mashua ilipigwa na upepo, nikafika nimechoka, nikalala. Asubuhi, mume wangu akiwa amekwenda mchangani kwa wavuvi, nilivuka ua. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya kitunguu saumu. Alisogeza kigoda upande wangu kwa mguu, mimi nikabaki nimesimama, maana nilitaka kulisema upesi. Nikamwambia yote, kwa maneno ya mkewe, sikupunguza.

Aliomba niseme tena. Nikasema tena.

"Nilikuwa natafuta sababu," akasema.

"Njo vile alisema, Papa."

"Ni kweli. Nilikuwa natafuta." Aliweka kisu chini. "Mutoto alikuwa naita mu chumba ya kati. Siku ya mwisho. Alikuwa ananiita mimi. Nilimuambia aningoje kidogo, nilikuwa napima dawa."

Kisha akakaa chini, palepale kwenye mavi na maganda. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mwanaume. Haikuwa kubwa mwanzoni. Ilitoka kidogo kidogo, kama mtu anayetapika kitu kilichokwama, halafu ikafunguka, na kuku wakakimbilia pembeni wakasimama pamoja, wamenyamaza.

Nilifanya tunachofanya sisi wanawake: nilijifunga kitenge kiunoni, nikakaa chini karibu naye, nikanyoosha miguu, nikaanza kulia pamoja naye, kwa sauti, mtoto nisiyemjua.

Kilio hakifichiki. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa nyumba ya pili, ambaye tangu mdondo hakuwahi kukanyaga pale. Alipita kwenye nyasi za njia, mikono ina unga wa muhogo, akasimama penye kona ya banda. Alimwona Veterineri chini. Akaniangalia mimi.

"Nani amekufa?"

"Mutoto wake," nikasema.

Hakuuliza lini. Alivua kandambili, akaketi.